Marikebu Isiyosafiri Tena

Mtoto wa Mombasa asimamaye karibu na bandari ya Kilindini huona mara kwa mara marikebu kubwa nyeupe ikiingia polepole, imejaa wageni waliokuja kutembea. Huhesabu madirisha yake asiyamalize. Hujiuliza: Ndani mna nini? Watu hulala wapi? Mitambo yake i wapi, na nani aiongozaye? Lakini akilifikia lango la bandari, askari humrudisha, maana hana cheti, wala jina lake halimo katika orodha. Zamani jamaa na rafiki za wasafiri waliweza kupanda marikebuni kuwaaga, kisha wakaambiwa washuke kabla ya nanga kung'olewa. Siku hizi ni vigumu. Tangu mwaka 2004 mataifa yanafuata sheria moja ya kulinda bandari na vyombo, na asiyekuwa abiria wala mfanyakazi hapandi bila ruhusa.

Hata hivyo ziko marikebu chache duniani ambazo mtu yeyote aweza kuzipanda, akazizunguka tangu juu hata chini, kisha akashuka bila kuvuka bahari. Hizo ni marikebu zilizokwisha kazi yake ya safari. Moja ni Queen Mary, marikebu ya Waingereza, ambayo tangu mwaka 1967 imefungwa katika bandari ya Long Beach, mji wa California, upande wa magharibi wa nchi ya Marekani. Kila alipaye kiingilio huitazama. Msomaji na aifuate habari hii kama mgeni anayetembezwa, asiwe na haraka, maana chombo kikubwa hakielewi mara moja.

Kwanza na ajue jinsi kilivyozaliwa. Queen Mary iliundwa Clydebank, mji ulio kando ya mto Clyde katika nchi ya Scotland. Kazi ilianza mwezi wa Desemba 1930. Lakini katika miaka ile biashara ya dunia nzima ilikuwa imeanguka, na kampuni iliyoagiza iundwe, iitwayo Cunard, ikaishiwa na fedha. Desemba 1931 kazi ikasimamishwa. Mafundi na vibarua kwa maelfu wakarudishwa nyumbani bila mshahara, na lile gamba kubwa la chuma likasimama pale pale, refu kuliko nyumba zote za mji, likishika kutu. Likakaa hivyo miezi ishirini na saba. Kila asubuhi wenye njaa waliamka wakaliona.

Mwisho serikali ya Uingereza ilikubali kukopesha fedha, kwa sharti kwamba Cunard iungane na mshindani wake, kampuni ya White Star. Aprili 1934 mafundi wakaitwa tena. Wakaenda kazini kwa maandamano, wapiga zumari wakiwatangulia, kama watu waendao arusini. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kukwangua kutu. Tarehe 26 Septemba 1934 marikebu iliteremshwa majini, na malkia Mary, mke wa mfalme George wa Tano, akaipa jina lake. Mto Clyde ni mwembamba kwa chombo kirefu kama kile. Kwa hiyo mafundi walikuwa wameielekeza shetri yake penye mlango wa mto mwingine, uitwao Cart, unaoingia katika Clyde upande wa pili, ipate nafasi ya kuteleza. Tena walikuwa wameifunga minyororo mizito ili ivutwe nyuma, isije ikapanda ng'ambo. Tarehe 27 Mei 1936 ikaondoka Southampton kwenda New York, ndiyo safari yake ya kwanza ya abiria.

Mgeni afikapo Long Beach na kusimama mbele yake, jambo la kwanza limshangazalo ni ukubwa. Urefu wake ni futi 1,019, yaani karibu mita 310. Ukipanga viwanja vitatu vya mpira kwa mstari mmoja, umepata urefu huo. Toka mkuku, ulio chini kabisa, hata ncha ya dohani ya mbele, ni futi 181. Hata minazi miwili mirefu ikisimamishwa mmoja juu ya mwingine ni shida kufika huko. Ina dohani tatu nyekundu zenye vilele vyeusi, na sitaha kumi na mbili, moja juu ya nyingine. Vipande vyake vya chuma vimeshikamanishwa kwa misumari minene, iliyotiwa ikiwa myekundu kwa moto na kupigwa vichwa kwa nyundo. Misumari hiyo yapita milioni 10.

Hapo mwanafunzi mwerevu huuliza: Msumari mmoja ukitupwa baharini huzama. Mbona misumari milioni 10, pamoja na mabamba yote yale, inaelea? Jibu lake limo jikoni. Chukua sufuria na donge la chuma, vyote viwili vya uzito mmoja. Donge litazama, sufuria itaelea, kwa sababu sufuria ina nafasi ndani yake na husukuma maji mengi kabla haijaingia yote. Maji yaliyosukumwa nayo huisukuma sufuria kuelekea juu. Chombo huzidi kushuka mpaka uzito wa maji kilichoyaondoa umekuwa sawa na uzito wake chenyewe, hapo husimama. Queen Mary ilikuwa ikishuka majini kiasi cha mita 12, ndipo ikasimama. Lakini sufuria ikitoboka, habari yake imekwisha. Ndiyo maana waundaji waliiwekea marikebu sakafu mbili za chini, moja ndani ya nyingine, wakaigawanya kwa kuta za chuma iwe vyumba vingi, ili maji yakiingia chumba kimoja yasienee kote.

Sasa mgeni apanda. Huingia katikati ya marikebu, mahali palipokuwa pa wakubwa. Kuta zimefunikwa kwa mbao nzuri zenye kung'aa. Mafundi walitumia aina zaidi ya 50 za mbao, nyingi zililetwa kutoka nchi za dola ya Kiingereza. Katika chumba kikuu cha kulia chakula kuna ramani kubwa ya bahari ya Atlantiki, imechorwa ukutani, na juu yake kulitiwa kijimarikebu cha kioo. Kila siku kijimarikebu hicho kilisogea kidogo, nao abiria walipokuwa wakila waliona wamefika wapi katika safari yao.

Lakini si abiria wote walioiona ramani ile. Mwaka 1936 marikebu ilikuwa na nafasi za abiria 2,139, waliogawanywa katika madaraja matatu. Wa daraja la juu, watu 776, walikaa katikati, maana chombo kikipigwa na mawimbi katikati hutikisika kidogo kuliko ncha. Wa daraja la pili, watu 784, walikaa nyuma. Wa daraja la tatu, watu 579, walikaa mbele, karibu na omo, ambako marikebu hupanda na kushuka sana. Milango iliwatenga. Mtu wa daraja la tatu aliweza kuvuka Atlantiki mara kumi asione hata mara moja chumba cha kulia cha daraja la juu. Wala tajiri wa katikati hakushuka kuwaona wale waliokuwa chini ya miguu yake, wakiiendesha marikebu. Kila mmoja aliijua sehemu yake tu, akafikiri ameijua Queen Mary.

Mgeni wa leo hazuiwi na daraja. Akitoka vyumba vya wakubwa, hupanda ngazi mpaka chumba cha kuongozea, kilicho juu mbele, chenye madirisha yanayotazama bahari. Humo mna usukani, na dira, na vyombo vya shaba vyenye uso kama wa saa. Kila uso umeandikwa maneno ya amri: nenda mbele, simama, rudi nyuma, polepole, kasi. Afisa alipovuta mkono wa chombo hicho, mshale wa chombo kingine, kilicho mbali chini penye mitambo, ulionyesha neno lile lile, na kengele ikalia. Wa chini hawakuiona bahari. Waliusadiki mshale. Wa juu hawakuiona mitambo. Walimsadiki mtu wa chini. Kwa kuaminiana hivyo marikebu ilikwenda.

Karibu na hapo, juu ya dohani, mgeni huonyeshwa honi. Zilikuwa tatu, kila moja yapita tani moja kwa uzito, na mlio wake ulisikika mbali kiasi cha maili 10. Zilitengenezwa ziwe na sauti nzito sana, isiwaumize masikio wasafiri walio chini yake.

Kisha hushuka. Ngazi baada ya ngazi, zulia huisha, mbao nzuri huisha, hubaki chuma kitupu. Huko kuna chumba cha mitambo cha nyuma. Nguvu ya Queen Mary ilikuwa mvuke. Matangi makubwa 24 ya kuchemshia maji yalitiwa moto wa mafuta, na mafuta hayo yalikwisha kiasi cha tani 1,000 kila siku katika safari ya kasi. Mvuke ulipita katika mabomba kwa nguvu nyingi, ukapiga vipande vyembamba vya chuma vilivyopangwa kulizunguka gurudumu, kama upepo upigavyo kishada cha karatasi kishikwacho na mtoto akimbiaye, nacho huzunguka. Magurudumu hayo yalizunguka upesi mno. Kwa hiyo mwendo wake ulipunguzwa kwa magurudumu mengine yenye meno, ndipo yakazungusha vyuma virefu vilivyofika nje, nyuma ya marikebu, penye rafadha nne. Nguvu ya mitambo yote ilihesabiwa kuwa sawa na farasi 160,000.

Rafadha moja ipo hata leo majini, mahali pake. Waliizungushia chumba cha chuma, wakatia taa, na mgeni husimama juu akaitazama chini ya maji. Uzito wake yapita tani 30. Hapo watoto waliokuwa wakipiga kelele hunyamaza. Rafadha nne kama ile ziliipeleka marikebu, katika Agosti 1938, toka mlango wa bandari ya New York hata ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza kwa siku 3, saa 20 na dakika 42. Hakuna marikebu ya abiria iliyoishinda kasi hiyo mpaka mwaka 1952.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni huambiwa, nalo si la furaha. Vita vilipokuja, Queen Mary ilipakwa rangi ya kijivu, ikafanywa chombo cha kuchukulia askari. Samani ziliondolewa. Vitanda vilipangwa juu kwa juu, hata ndani ya birika la kuogelea lililokaushwa, na askari walilala kwa zamu. Mwezi wa Julai 1943 ilitoka New York kwenda Scotland na watu 16,683, hesabu ambayo haijafikiwa na chombo chochote katika safari moja. Kwa kuwa watu walikuwa wengi hivyo, kila askari alipewa beji ya rangi ionyeshayo sehemu yake, wala hakuruhusiwa kuitoka. Hata hao basi hawakuiona marikebu nzima.

Kasi yake ndiyo iliyokuwa ngao, maana manowari zipitazo chini ya maji hazikuweza kuifuata. Tena ilikwenda kwa kupinda huku na huku, ili adui asijue pa kuilenga. Tarehe 2 Oktoba 1942, kaskazini ya Ireland, ilikuwa ikilindwa na manowari ya Kiingereza iitwayo Curacoa. Vyombo viwili vikakaribiana. Katika kila kimoja walidhani kingine kitapisha. Queen Mary ikaipiga Curacoa ubavuni, ikaikata vipande viwili, ikaendelea mbele. Haikusimama kuwaokoa waliokuwa majini, kwa sababu ilikuwa na askari wengi, na amri ilikuwa kwamba isisimame kwa ajili ya neno lolote, adui asiipate. Vyombo vingine viliitwa kuwaokoa. Watu zaidi ya 300 walikufa, nao si kwa mkono wa adui. Mahakama ilipoamua mwisho wa shauri, iligawanya lawama: theluthi mbili kwa upande wa manowari, theluthi moja kwa upande wa Queen Mary. Mgeni asimamaye penye omo na kutazama chini huikumbuka habari hiyo. Chombo kikubwa hakisimami mara mtu atakapo, na dhana ya mtu mmoja juu ya mwenziwe yaweza kuwaua mamia.

Baada ya vita ilirudishwa katika hali yake, na mwaka 1947 ikaanza tena kuchukua abiria. Lakini mwaka 1958 ndege za kasi zilianza kuvuka Atlantiki kwa saa chache. Mtu aliyeweza kufika kesho yake hakutaka kukaa baharini siku tano. Viti vya kulia vikabaki vitupu, na wahudumu wakawa wengi kuliko wahudumiwa katika safari nyingine. Mwaka 1967 ikauzwa kwa mji wa Long Beach kwa dola 3,450,000. Iliondoka Southampton tarehe 31 Oktoba. Kwa kuwa ni pana kuliko milango ya mfereji wa Panama ilivyokuwa wakati ule, ililazimika kuzunguka ncha ya kusini ya Amerika, ikafika tarehe 9 Desemba. Matangi yake ya mvuke yakaondolewa. Ikafanywa mahali pa kutazamwa na watu tangu 1971, na hoteli mwaka uliofuata.

Hapo mtu aweza kudhani kwamba taabu ya marikebu imekwisha, maana haisafiri tena. Sivyo. Mwenye jahazi wa Lamu au wa Unguja aweza kumweleza. Chombo kilichowekwa bila kukalafatiwa wala kupakwa sifa huharibika upesi kuliko kile kifanyacho kazi. Queen Mary ni ya chuma, nayo yaelea katika maji ya chumvi mpaka leo. Kutu haipumziki. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, ilifungwa, wageni hawakuja, wala fedha za viingilio hazikuingia. Mwaka 2021 wahandisi waliipima, wakaonya kwamba zahitajiwa upesi kazi za kadiri ya dola milioni 23, isije ikaingia maji na kupinduka papo hapo bandarini. Nao wenye mji walikuwa na neno gumu la kuamua: Watumie fedha nyingi juu ya chombo kisichokwenda popote, au wakiache kife? Wengine walinung'unika. Lakini mji ulikubali kukitengeneza. Pampu za kutoa maji ziliwekwa, kama mabaharia wa jahazi wafuavyo ngama. Kuta za chini zilitengenezwa. Mashua za kuokolea, nyingi zilizokwisha kuoza, ziliondolewa, kwa sababu uzito wake ulikuwa ukiumiza ubavu wa marikebu. Mwaka 2023 milango ikafunguliwa tena.

Basi mgeni ashukapo ngazi na kurudi nchi kavu, hana pwani mpya aliyoiona, wala hakupungiwa mkono na mtu. Yuko pale pale alipokuwa asubuhi. Lakini amekwenda mahali ambapo abiria wengi wa zamani hawakufika. Amepita katika madaraja yote matatu. Ameona chumba cha amri na chumba cha mitambo, zulia na chuma, ramani ya kioo na rafadha iliyo gizani chini ya maji. Ameambiwa habari za waliokaa miezi ishirini na saba bila kazi, na za waliozama, na za wale wafanyao kazi hata sasa, wakikwangua na kupaka rangi mahali pasipoonekana.

Wahenga walisema: Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtoto wa Kilindini atakapoiona tena marikebu nyeupe ikipita mlango wa bandari, asihesabu madirisha tu. Na akumbuke mikono iliyoipiga misumari yake, na watu walio chini wasioiona bahari, wanaousadiki mshale. Tena na akumbuke kwamba kuunda peke yake hakutoshi. Kinachoelea leo huelea kwa sababu leo yuko mtu anayekitunza.